SEYYID BARGHASH NA TUFANI YA MWAKA 1872

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, yeyote kati yenu aliyepata kutumikia upande wa Mbarara anazijua mbingu za Isingiro. Asubuhi jua huwaka kwa ukali, hewa ikawa nzito. Baada ya adhuhuri mawingu meusi huanza kupanda juu ya vilima, na kabla saa kumi haijafika, upepo umekwisha kuangusha migomba na mvua ya mawe inapiga mabati kama risasi. Sisi tumeyaona hayo Kabingo, katika njia ya kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulimwona mzee mmoja amesimama katikati ya shamba lake, migomba imelala chini yote kama askari waliopewa amri ya kulala, naye hasemi neno. Shamba la miaka mingi lilikuwa limekwisha kwa muda wa nusu saa.

Mbele ya mzee yule tulimkumbuka mtu mwingine, aliyekuwa na mashamba makubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki, na merikebu za vita juu yake, naye akapotezewa karibu vyote kwa siku moja. Mtu huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Watu wengi humkumbuka kwa jumba lake la Beit al-Ajaib, na wengine kwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba, kabla ya hayo yote, alipigwa na adui asiyekuwa na bendera wala mzinga. Leo twataka kuyaeleza maisha yake kwa ajili ya jambo hilo, maana lina funzo kubwa kwa kila mtu aliyekabidhiwa ulinzi wa raia na mali.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Seyyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Baba yake ndiye aliyehamishia makao ya dola kutoka Muscat mpaka Unguja, na ndiye aliyehimiza kilimo cha mikarafuu hata kisiwa hicho kikawa mashuhuri duniani kwa zao hilo. Katika zama zake misafara ya biashara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Karagwe, ikavuka mto Kagera na kuingia nchi za kwetu. Kutoka Kabingo hata Kagera si mbali. Hivyo lugha hii ya Kiswahili tunayoandikia, ambayo leo husikika katika kila kona ya Nakivale, ilipanda mpaka huku kwa njia ile ile iliyopita shanga, nguo na pembe za ndovu.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kutoka Oman. Barghash alikuwa katika safari hiyo, na ndiye aliyeifikisha maiti ya baba yake Unguja. Alijaribu kushika utawala kabla ya ndugu zake hawajajiandaa, lakini hakufanikiwa. Ufalme ulimwangukia ndugu yake, Seyyid Majid.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua nduguye. Baadhi ya dada zake walimsaidia, miongoni mwao Bi Khole na Bi Salme, na huyo Salme, ingawa alikuwa binti mdogo, alikuwa akiandika barua za siri za njama hiyo. Njama iligunduliwa, nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Alitoroka humo akiwa amevaa nguo za kike katikati ya kundi la wanawake, akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, na huko wafuasi wake wakajenga ngome. Seyyid Majid aliomba msaada wa Waingereza, na mabaharia wa manowari yao wakashuka nchi kavu. Uasi ukavunjika. Barghash alijisalimisha, akahamishwa Bombay katika Bara Hindi, akakaa huko miaka miwili.

Uhamisho ule haukuwa hasara tupu. Katika Bombay kijana huyo aliona mji mkubwa wenye bandari iliyopangwa, barabara, maji na meli za moshi. Aliona pia jinsi dola ya kigeni inavyoweza kutawala mamilioni ya watu kwa utaratibu na kumbukumbu zilizoandikwa. Alirudi Unguja akiwa mtu mtulivu zaidi, akangoja. Tarehe 7 Oktoba 1870, baada ya Seyyid Majid kufariki, Barghash alitawazwa kuwa Sultani.

HALI YA NCHI ALIYOIRITHI

Nchi aliyoipokea haikuwa na afya njema. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimepita Unguja na mwambao wake na kuua maelfu ya watu. Juu ya hayo, dola ya baba yake ilikuwa imekwisha gawanywa mwaka 1861, Oman upande wake na Unguja upande wake, na Unguja ikatakiwa kuilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Nguvu ya mtawala mpya ilisimama juu ya nguzo chache: ushuru wa forodha, mashamba ya mikarafuu, na merikebu zake.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, ingawa yamkini hakuna aliyeuona siku zile. Merikebu zake za vita zilitia nanga katika bandari moja. Mikarafuu mingi ya dola ilikuwa katika kisiwa kimoja cha Unguja. Askari yeyote aliyefunzwa sawasawa anajua kwamba risasi zote haziwekwi katika ghala moja. Lakini bandari ya Unguja ilikuwa na sifa ya usalama tangu enzi za mababu. Tufani kubwa za Bahari ya Hindi zilijulikana kuipiga Mauritius, Reunion na Bukini, si Unguja. Watu walioishi siku hizo hawakuwa na kumbukumbu ya tufani ya namna hiyo kisiwani mwao. Kwa hiyo walikaa kama watu wakaao mahali ambapo adui hajawahi kupita, wakaamini kwamba hatapita kamwe.

SIKU YA TUFANI

Ilikuwa katikati ya mwezi Aprili, mwaka 1872, majira ya masika. Upepo wa kaskazi umekwisha, na kusi ndio inaanza. Huo ndio wakati ambao majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi hujiandaa kurudi kwao, kwa sababu kusi ndiyo inayoyasukuma kwenda kaskazini. Basi bandari ilikuwa na vyombo vingi: majahazi ya wageni, mashua za wenyeji, merikebu za Sultani na meli za wafanyabiashara.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili upepo ulianza kuongezeka pamoja na mvua. Kulipopambazuka haukuwa tena upepo wa masika uliozoeleka. Nanga ziliburuzwa, minyororo ikakatika, vyombo vikagongana vyenyewe kwa vyenyewe na kutupwa ufukoni. Merikebu za Sultani zilizama au zikavunjikia pwani. Majahazi mengi yalipotea pamoja na watu wake. Kati ya vyombo vikubwa vilivyokuwa bandarini, ni meli ya moshi moja tu ya Kiingereza, Abydos, iliyoweza kustahimili. Katika mji nyumba zilibomoka, na makuti ya vibanda vya maskini yakapeperushwa kama manyoya ya kuku.

Lakini maafa makubwa zaidi yalikuwa mashambani. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi yanayovunjika kwa urahisi, na hauwezi kupigana na upepo wa namna ile. Ilikadiriwa kwamba theluthi mbili hivi za mikarafuu na minazi ya Unguja ziliangushwa. Minazi iliyozoea kuinama na kuinuka safari hii iling'olewa kwa mizizi. Na mkarafuu mchanga hauzai kabla ya kupita miaka sita au zaidi. Maana yake ni kwamba mapato ya miaka mingi ijayo yalikuwa yamelala chini, yakioza katika matope.

Ng'ambo ya pili, Bagamoyo nayo ilipigwa, na majengo ya misheni ya Mapadre wa Kifaransa yakabomolewa. Huko bara mvua za masika ya mwaka huo zilikuwa kali mno. Msafiri Henry Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone huko Ujiji, alipita katika mafuriko, akakuta mji wa Simbamwenni, mahali ulipo mji wa Morogoro, umeharibiwa na maji ya mto. Alipovuka bahari mwezi Mei akaiona Unguja imechakaa.

Jambo la ajabu ni kwamba kisiwa cha Pemba, kisichofika hata kilometa mia kutoka Unguja, hakikuguswa sana. Mikarafuu yake ilibaki imesimama. Jambo hilo dogo lilibadili historia ya visiwa vyote viwili, kama tutakavyoona.

TUFANI NI KITU GANI

Yafaa tusimame kidogo tueleze adui huyu ni nani, kwa sababu askari asiyemjua adui wake hushindwa kabla ya vita. Tufani ya baharini huzaliwa juu ya maji yenye joto, yapata nyuzi 26 au 27 za Selsiasi na zaidi. Hewa yenye unyevu hupanda juu, na hewa nyingine hukimbilia kujaza nafasi yake. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja bali hujipinda, mpaka ikawa gurudumu kubwa la upepo. Kusini mwa ikweta gurudumu hilo huzunguka kama mishale ya saa. Katikati yake pana mahali patulivu, paitwapo jicho.

Jicho hilo ndilo linalowaua wasiojua. Upepo huvuma kwa saa nyingi kutoka upande mmoja, kisha ghafla kunakuwa kimya, na pengine jua likaonekana. Watu hutoka nje kushukuru na kutafuta jamaa zao. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kwa nguvu zile zile, lakini kutoka upande wa pili, na ukuta uliostahimili msukumo wa kwanza huanguka kwa msukumo wa pili. Kila mlinzi na akumbuke jambo hilo: utulivu wa ghafla katikati ya tufani si amri ya kusitisha mapigano.

Na kwa nini Unguja hupigwa kwa nadra? Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuipinda hewa, kwa hiyo tufani nyingi hazikaribii hapo. Unguja iko yapata nyuzi sita kusini mwa ikweta, yaani ukingoni mwa eneo la hatari. Nadra si sawa na kamwe. Mwezi Aprili 1952 tufani iliupiga mji wa Lindi, kusini mwa Tanganyika, na kuuharibu vibaya. Mwezi Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia. Tofauti ni kwamba safari hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikwisha kuwaonya watu mapema, na safari za meli kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Seyyid Barghash hakuwa na wa kumwonya. Waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baada ya maafa yake.

PIGO JUU YA PIGO

Mtawala aliyepoteza merikebu na mapato yake hupata wageni haraka. Mwezi Januari 1873 ujumbe wa serikali ya Uingereza, ukiongozwa na Sir Bartle Frere, ulifika Unguja kumtaka Sultani atie sahihi mkataba wa kukomesha kabisa biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Seyyid Barghash alikataa. Hoja yake moja ilikuwa hiyo hiyo tufani: kwamba nchi yake imekwisha kupigwa, mashamba yameangamia, na kuongeza hasara nyingine wakati huo ni kuimaliza. Aliomba muda.

Muda hakupewa. Balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, alimfahamisha kwamba manowari zingekifunga kisiwa kisiingize wala kutoa kitu. Sultani alitazama bandarini, na bandarini hamkuwa na manowari yake hata moja ya kutajika. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twaulilia mkataba ule. Biashara ya watumwa ilikuwa dhuluma kubwa, na watu wa bara, wakiwamo babu zetu, ndio walioonja uchungu wake. Wala tusisahau kwamba ile mikarafuu iliyoangushwa na tufani ilipandwa kwa jasho la watumwa, na kazi ya kuipanda tena iliangukia mabegani mwao hao hao. Tena, kwa kuwa Pemba ilisalimika na bei ya karafuu ilipanda, matajiri wengi waligeukia Pemba na kutaka watumwa wapelekwe huko. Magendo ya watu yakaendelea kwa miaka kadhaa. Hivyo ndivyo msiba unavyogawanywa katika nchi isiyo na haki: tajiri hupoteza mali, na maskini hulipa deni.

Tunalosema ni hili tu: hata kama Barghash asingeweza kuzishinda manowari za Uingereza, maafa ya siku moja yalimfikisha mezani akiwa mikono mitupu. Nchi iliyojeruhiwa na hali ya hewa husikiliza amri za wengine. Jambo hilo ni la ulinzi wa taifa, si la wataalamu wa mvua peke yao.

KUJENGA UPYA

Ni hapa ndipo tunapomheshimu mtu huyu. Wengi wangekata tamaa, lakini Barghash alianza upya kana kwamba ametawazwa mara ya pili.

Mwaka 1875 alisafiri hadi Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akaviona viwanda, bandari na majeshi. Mwaka 1877 alimkabidhi Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza, kazi ya kuunda jeshi la nchi kavu lililofunzwa kwa utaratibu wa kisasa. Waliandikishwa kwanza vijana wapatao 300, wengi wao Waafrika, wakafunzwa gwaride na shabaha. Baada ya miaka michache walizidi 1,000. Kabla ya hapo mtawala wa Unguja alitegemea askari wa kukodi kutoka Arabuni na Baluchistan. Kwetu sisi tulio katika kazi hii, jambo hilo lina maana kubwa.

Mwaka 1878 merikebu mpya, Glasgow, iliundwa Uskochi kwa ajili yake, ishike nafasi ya zile zilizozamishwa na tufani. Alinunua pia meli za moshi za biashara zilizokwenda hadi Bombay na kurudi na mchele na bidhaa nyingine, na watu wa mji wakapata chakula kwa bei nafuu. Meli ya moshi haingoji kusi wala kaskazi. Mtawala aliyeonja hasara ya tanga alijifunza thamani ya injini.

Kazi yake iliyowagusa watu wengi zaidi ilikuwa ya maji. Kipindupindu kilikuwa kimewafundisha watu wa Unguja kwamba kisima kichafu huua kama upanga. Seyyid Barghash aliyaleta mjini maji safi ya chemchemi za kaskazini mwa mji, kwa mifereji na mabomba, na wananchi wakayachota bila malipo. Alijenga hamamu ya Hamamni, majumba ya Chukwani na Maruhubi, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa refu kuliko yote ya pwani. Katika mashamba ya Unguja minazi ilipandwa kwa wingi mahali pa mikarafuu iliyoanguka, na Pemba ikawa mama wa karafuu, nafasi iliyoishika tangu hapo. Mapato hayakulala tena katika kisiwa kimoja.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Miaka yake ya mwisho ilijaa huzuni. Kuanzia mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka bara akikusanya mikataba, na mwaka 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Zile nchi za bara, hata zile njia za Tabora na Karagwe, zilitoka mikononi mwake bila yeye kuulizwa. Tufani hii ya pili haikuanguka kutoka mbinguni, na dhidi yake hapakuwa na nanga.

Afya yake ilidhoofika. Mapema mwaka 1888 alikwenda Oman kutafuta nafuu, lakini hakuipata. Alirudi Unguja na kufariki mwezi Machi mwaka huo, umri wake ukiwa miaka hamsini au zaidi kidogo. Merikebu Glasgow ilimwishi kwa miaka minane, kisha tarehe 27 Agosti 1896 ikazamishwa na mizinga ya Waingereza katika bandari ile ile ilimozamia merikebu zilizotangulia.

FUNZO KWETU SISI

Ndugu askari, huenda mmoja wenu akauliza: Sultani wa pwani na Kabingo vina uhusiano gani? Uganda haina bahari, na tufani za baharini hazitufikii. Ni kweli. Sisi tuko juu ya ikweta yenyewe. Lakini ikweta hiyo hiyo inayotukinga na tufani ndiyo inayotupa mawingu ya radi kwa wingi unaopita sehemu nyingi za dunia. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kilometa kumi na zaidi. Huko juu matone huganda, husukumwa juu na chini, yakawa mawe ya mvua. Kisha hewa baridi hushuka kwa kishindo, na ndiyo ile inayong'oa mabati dakika chache kabla ya mvua. Ndani ya wingu hilo ndimo hukaa umeme wa radi.

Mwezi Juni 2011 radi iliipiga shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, ikaua watu wapatao 19, wengi wao watoto. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliwapiga watu waliokusanyika kusali katika jengo la mabati. 14 walikufa na 34 wakajeruhiwa. Palabek na Nakivale ziko mbali, lakini nyumba ni za namna moja: turubai, miti na mabati. Wengi wa waliokufa walikuwa wamejificha mvua, si radi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Basi na tukumbuke haya. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikipungua 30, ondoa watu uwanjani, gwaride livunjwe, na walinzi washuke kilimani. Hema haliikingi radi, wala mti, wala kibanda, wala lori lenye turubai. Jengo imara lenye kuta na nyaya za umeme zilizotiwa ardhini, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa, ndipo mahali pa kujificha. Mkinaswa wazi, tawanyikeni, mkae mbali na uzio wa seng'enge na mlingoti wa bendera. Msitoke kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho, maana radi hupiga hata mvua ikiwa imekwisha.

Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Katika vita tumefundishwa kumwacha anayeonekana amekufa na kumshughulikia anayelia. Katika radi mambo hugeuka: anayelia anapumua, atangoja kidogo, aliyelala kimya ndiye wa kwanza, kwa kuwa moyo wake huenda umesimama tu na waweza kuamshwa kwa kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi.

Tulipokuwa makadeti tulipata kupiga mahema kileleni mwa kilima, kwa sababu mahali palikuwa pazuri kwa kutazama mbali. Usiku dhoruba ikaja, ikayachukua mahema yote, na sisi tukalala matopeni tukiomba kupambazuke. Hatukufa, lakini asubuhi hakuna aliyekuwa na baruti kavu. Adui angetukuta wakati ule angetumaliza kwa fimbo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza adui yuko wapi, sisi huuliza kwanza upepo unatoka wapi.

Seyyid Barghash alipoteza kwa siku moja kwa kuwa aliweka vyote mahali pamoja, naye hakuonywa. Kisha akaishi miaka kumi na sita akitengeneza, akaacha maji, meli na jeshi. Mzee yule wa Kabingo hana merikebu wala mapato ya forodha. Ana migomba, mabati machache, na askari walio karibu naye. Tulipopita tena baadaye tulimkuta na jembe mkononi, akikata migomba iliyolala na kuacha machipukizi yaliyokuwa yameanza kuchomoza pembeni. Baadhi ya vijana wetu walivua kofia, wakaweka silaha chini ya mlinzi mmoja, wakamsaidia mpaka jioni.